Marudio ya umeme na hatari ya mshtuko

Marudio ya umeme ni idadi ya mizunguko ambayo mkondo geu hukamilisha katika sekunde moja. Kizio chake ni hezi (Hz). Marudio ni mojawapo ya mambo yanayoamua jinsi mshtuko wa umeme (katika lugha ya kila siku: "kupigwa shoti") unavyodhuru mwili wa binadamu. Mambo mengine ni ukubwa wa mkondo, muda unaopita mwilini na njia unayopitia.

Kwa mkondo wa ukubwa uleule, hatari kwa misuli na moyo ni kubwa zaidi kati ya takriban 15 Hz na 100 Hz. Umeme wa gridi, ambao duniani kote kwa kawaida ni wa 50 Hz au 60 Hz, uko ndani ya eneo hilo. Mkondo mnyoofu, ambao haubadiliki mwelekeo, na mkondo wa marudio ya juu huhitaji kuwa mkubwa zaidi ili kuleta madhara yaleyale. Hata hivyo hakuna marudio yanayoweza kuitwa salama: mkondo mnyoofu unaweza kuua, na mkondo wa marudio ya juu unaweza kuunguza mwili kwa ndani.

## Mkondo geu na mkondo mnyoofu

Mkondo wa betri na wa paneli za sola huenda upande mmoja tu. Huo huitwa mkondo mnyoofu, na marudio yake huhesabiwa kuwa sifuri. Mkondo wa gridi huenda mbele na kurudi nyuma mfululizo. Huo ni mkondo geu. Katika umeme wa 50 Hz mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.02, yaani milisekunde 20: milisekunde 10 kuelekea upande mmoja na milisekunde 10 kuelekea upande wa pili.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutumia 50 Hz. Marekani hutumia 60 Hz. Japani hutumia yote mawili: 50 Hz upande wa mashariki na 60 Hz upande wa magharibi. Treni za umeme za Ujerumani, Austria na Uswisi hutumia takriban 16.7 Hz, na ndege kubwa za abiria kwa kawaida hutumia umeme wa 400 Hz.

## Jinsi mshtuko unavyodhuru mwili

Kinachodhuru mwili ni mkondo unaopita ndani yake. Volti ni msukumo unaouendesha mkondo huo, na ukinzani wa mwili huupunguza. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, lakini ikilowa, ikikatika au ikibanwa na volti kubwa, kinga hiyo hupungua sana. Kwa umeme wa nyumbani ukinzani wa mwili kutoka mkono hadi mkono mara nyingi ni kati ya ohm 1000 na 2000. Mtu mwenye ukinzani wa ohm 1000 akishika waya wa volti 230, mkondo wake ni:

230 ÷ 1000 = ampia 0.23, yaani miliampia 230 (mA)

Kiasi hicho ni kidogo kuliko kile kinachopita katika balbu ya kizamani ya wati 60, lakini kinatosha kuua.

Madhara makuu ni haya:
* misuli kukaza, hata mtu akashindwa kuachia alichoshika;
* kupumua kukoma kwa sababu misuli ya kifua imekaza;
* mtetemo wa ventrikali, yaani vyumba vikubwa vya moyo kutetemeka ovyo bila kusukuma damu;
* kuungua, juu ya ngozi na ndani ya mwili.

Matatu ya kwanza hutokana na umeme kuchochea neva na misuli. La nne hutokana na joto. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kuelewa kazi ya marudio.

## Kwa nini marudio yana athari

### Neva na misuli

Seli ya neva imefunikwa na utando wenye tofauti ndogo ya volti kati ya ndani na nje, takriban volti 0.07. Mkondo kutoka nje ukisogeza ioni za kutosha kwenye utando huo, neva hupeleka ishara na misuli hukaza. Kazi hiyo huhitaji muda, ingawa ni mfupi: kwa kawaida chini ya milisekunde 1.

Katika 50 Hz mkondo huenda upande mmoja kwa milisekunde 10. Muda huo unatosha kabisa kuichochea neva. Kisha mkondo hugeuka na kuichochea tena, mara nyingi katika kila sekunde. Misuli ikichochewa kwa kasi hiyo haipati nafasi ya kulegea, bali hubaki imekaza wakati wote mkondo unapopita.

Katika 10,000 Hz (10 kHz) mkondo huenda upande mmoja kwa milisekunde 0.05 tu. Ioni huanza kusogea, na kabla hazijafika mbali hurudishwa. Katika 500 kHz muda huo ni milisekunde 0.001, na neva karibu haisikii kitu.

Mkondo mnyoofu una hali nyingine. Huichochea neva hasa unapoanza na unapokatika. Ukiwa unapita bila kubadilika, neva huuzoea kwa kiasi fulani. Kwa hiyo anayeshika waya wa mkondo mnyoofu husikia kishindo kikubwa mwanzoni na mwishoni, na kati ya hapo joto au maumivu.

### Moyo

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara moja katika takriban sekunde 0.8. Katika kila pigo kuna kipindi kifupi ambapo baadhi ya seli za ventrikali zimekwisha kupumzika na nyingine bado. Kichocheo kikiingia katika kipindi hicho huweza kuvuruga utaratibu wote na kuanzisha mtetemo wa ventrikali.

Katika sekunde 0.8 umeme wa 50 Hz hukamilisha mizunguko 40, kwa hiyo kipindi hicho cha hatari hakiwezi kupita bila kuguswa. Kwa sababu hiyo muda ni jambo kubwa. Kwa mshtuko wa milisekunde 10, kiwango kinachoweza kuanzisha mtetemo ni takriban mA 500. Mshtuko ukizidi pigo moja la moyo, kiwango hicho hushuka hadi takriban mA 40 au 50.

### Ngozi

Ngozi hufanya kazi kama kapasita. Kadiri marudio yanavyopanda, ndivyo inavyopitisha mkondo kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo volti ileile ikiwa na marudio ya juu huweza kupitisha mkondo mkubwa zaidi mwilini. Kwa sababu hii kauli kwamba marudio ya juu "hayana hatari sana" ni kweli tu mikondo ya ukubwa sawa inapolinganishwa. Haimaanishi kwamba volti sawa huleta hatari ndogo.

## Vipimo

Charles Dalziel (1904–1986), profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, alipima mikondo hii kwa watu waliojitolea. Aliangalia hasa "mkondo wa kuachia", yaani mkondo mkubwa kabisa ambao mtu bado anaweza kufungua mkono na kuachia alichoshika. Viwango vyake vya kati kwa wanaume ni hivi:

| Hali | Mkondo mnyoofu | 60 Hz | 10 kHz |
|---|---|---|---|
| Mtu huanza kuusikia mkononi | mA 5.2 | mA 1.1 | mA 12 |
| Mkondo wa kuachia | mA 76 | mA 16 | mA 75 |

Kwa wanawake viwango ni takriban theluthi mbili ya hivyo. Kwa 60 Hz, mkondo ambao karibu watu wote bado wanaweza kuachia ni mA 9 kwa wanaume na mA 6 kwa wanawake.

Jedwali linaonyesha kwamba umeme wa gridi humnasa mtu kwa mkondo ulio karibu moja ya tano ya ule unaohitajika kwa mkondo mnyoofu au kwa 10 kHz.

Kwa upande wa moyo tofauti ni kubwa zaidi. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC), katika viwango vyake vya namba 60479, hukadiria kwamba kwa mshtuko mrefu mkondo mnyoofu huhitaji kuwa karibu mara 4 ya mkondo geu wa 50 Hz ili kuleta mtetemo wa ventrikali. Kwa 1000 Hz mkondo unaohitajika ni karibu mara 14.

Kati ya 50 Hz na 60 Hz hakuna tofauti ya maana kwa mwili. Umeme wa nyumbani wa Marekani (volti 120) na ule wa Afrika Mashariki (volti 230 hadi 240) hutofautiana katika hatari hasa kwa sababu ya volti.

## Je, umeme huvuta?

Watu wengi husema kwamba umeme wa gridi "huvuta" na umeme wa betri "husukuma". Ukweli ni kwamba umeme hauvuti mtu wala kumsukuma. Misuli inayofunga kiganja ina nguvu kuliko ile inayokifungua. Yote ikikazwa pamoja na mkondo geu, kiganja hufunga na kuubana waya. Aliyenaswa anaweza kuwa na fahamu na kutaka kuachia, lakini mkono haumtii. Kadiri anavyoendelea kushika, ngozi hulowa jasho na kuungua, ukinzani hupungua na mkondo huongezeka.

Vivyo hivyo anayerushwa mbali hakusukumwa na umeme, bali amerushwa na mkazo wa ghafla wa misuli yake mwenyewe, hasa ya miguu na mgongo. Hilo linaweza kutokea kwa mkondo mnyoofu na kwa mkondo geu vilevile.

Kutokana na jambo hili mafundi wengi hufundishwa kwamba wakilazimika kukaribia kitu chenye mashaka watangulize mgongo wa kiganja, si sehemu ya ndani. Hata hivyo kugusa si kipimo. Waya hupimwa kwa kifaa cha kupimia.

## Marudio ya juu

Mwaka 1891 mwanafiziolojia wa Ufaransa Jacques-Arsène d'Arsonval alieleza kwamba mikondo ya marudio ya juu haikazi misuli kama mikondo ya kawaida. Katika miaka hiyohiyo Nikola Tesla aliwashangaza watazamaji nchini Marekani kwa kupitisha mikondo ya aina hiyo katika mwili wake.

Baadaye jambo hilo lilipata matumizi katika tiba. Tarehe 1 Oktoba 1926, mjini Boston, daktari Harvey Cushing alifanya upasuaji kwa kifaa cha umeme kilichobuniwa na William T. Bovie. Vifaa vya aina hiyo, ambavyo leo vipo katika vyumba vingi vya upasuaji, kwa kawaida hufanya kazi katika kilohezi mamia kadhaa au zaidi. Ncha yake ndogo hukata nyama na kuziba mishipa ya damu kwa joto, huku mkondo ukirudi kupitia bamba pana lililobandikwa kwenye ngozi. Mkondo huo ni mkubwa kiasi kwamba ungekuwa wa 50 Hz ungesimamisha moyo. Lakini bamba lisiposhika vizuri mkondo hukusanyika mahali padogo, na mgonjwa huungua.

Hiyo ndiyo hatari ya marudio ya juu: onyo la mshtuko hupungua, joto hubaki. Anayegusa antena ya mtambo wa redio unaorusha matangazo anaweza kuungua vibaya bila kutanguliwa na mtetemeko anaoujua.

Mara nyingi husemwa kwamba marudio ya juu hayadhuru kwa sababu mkondo hupita juu ya ngozi tu. Mkondo hukaa karibu na uso katika metali, ambazo hupitisha umeme vizuri sana. Mwili hupitisha umeme vibaya kuliko metali, na hata katika 1 MHz mkondo huingia ndani. Neva hazichochewi kwa sababu ya ufupi wa muda ulioelezwa hapo juu.

## Kwa nini 50 Hz na 60 Hz

Marudio ya gridi hayakuchaguliwa kwa kuzingatia usalama. Katika karne ya 19 wahandisi walijaribu marudio mengi. Marudio ya chini sana yalifanya taa zimemete machoni na kuhitaji transfoma kubwa na nzito. Marudio ya juu sana yaliongeza upotevu katika nyaya ndefu na mashine. Mitambo ya maporomoko ya Niagara, iliyoanza kazi mwaka 1895, ilitumia 25 Hz kwa sababu ilifaa mashine kubwa za wakati huo. Hatimaye 60 Hz ilienea Amerika ya Kaskazini na 50 Hz Ulaya, na kutoka Ulaya ikafika sehemu kubwa ya Afrika.

Suala la usalama lilizuka katika mashindano kati ya Thomas Edison, aliyeuza mkondo mnyoofu, na George Westinghouse, aliyeuza mkondo geu. Mwaka 1888 Harold P. Brown alitumia maabara ya Edison kuua mbwa kwa umeme ili kuonyesha ubaya wa mkondo geu. Mwaka 1890 jimbo la New York lilimuua mfungwa William Kemmler kwa kiti cha umeme chenye mkondo geu. Ni kweli kwamba mkondo geu ni hatari zaidi kwa moyo, lakini ulishinda sokoni kwa sababu volti zake hupandishwa na kushushwa kwa transfoma kwa urahisi. Hivyo umeme unaosafiri mbali bila upotevu mkubwa ndio pia unaoshika misuli na moyo kwa nguvu zaidi, na kinga imebidi itafutwe katika vifaa.

Mwaka 1899 Jean-Louis Prévost na Frédéric Batelli wa Geneva, Uswisi, walionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba umeme huleta mtetemo wa ventrikali, na kwamba mshtuko mwingine wenye nguvu unaweza kuuondoa. Ugunduzi huo ndio msingi wa mashine za hospitali za kuurudisha moyo katika mapigo yake.

## Vifaa vya kawaida

Jiko la mikrowevu. Mawimbi yake ni ya takriban 2.45 GHz, lakini transfoma ya majiko mengi hutoa volti zipatazo 2000 za 50 Hz. Kapasita yake huweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Anayelifungua hukutana na marudio ya hatari pamoja na volti kubwa.

Chaja ya simu. Sehemu ya ndani hufanya kazi kwa makumi ya kilohezi au zaidi, na kinachoingia kwenye simu ni mkondo mnyoofu wa volti chache. Lakini chaja mbovu au ya bandia huweza kuruhusu umeme wa gridi kufika kwenye waya wa simu, na huo ni wa 50 Hz.

Sola. Mfumo mdogo wa volti 12 kwa kawaida haushtui mtu mwenye ngozi kavu, ingawa betri yake ikipigwa shoti huweza kuleta moto. Paneli nyingi zilizounganishwa mfululizo hufikia volti mamia na huweza kuua. Haziwezi kuzimwa maadamu jua linaziangaza, na cheche za mkondo mnyoofu hazizimiki upesi kwa kuwa mkondo haupiti kwenye sifuri. Inveta ya nyumbani hutoa mkondo geu wa 50 Hz, wenye hatari sawa na ya gridi.

Uzio wa umeme. Mashine halali ya uzio, kama zile zinazozuia tembo kutoka hifadhi ya Aberdare nchini Kenya, hutoa mapigo mafupi sana ya volti kubwa, takriban moja kwa sekunde. Kati ya mapigo misuli hulegea na aliyegusa hupata nafasi ya kuondoka. Uzio, dirisha au mtego uliounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba hauna nafasi hiyo. Huo humnasa aliyegusa na kumuua, awe mwizi, mtoto au jirani.

## Kinga

Kikata umeme cha mvujo, kinachojulikana kwa mafundi kama RCD au ELCB, hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifikia kiwango kilichowekwa, mara nyingi mA 30, hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla ya moyo kuvurugika. Dalziel alikuwa miongoni mwa waliokibuni kwa matumizi ya nyumbani katika miaka ya 1960. Nchini Marekani vifaa hivyo hukata katika takriban mA 5, chini ya mkondo wa kuachia.

Marudio huhusika hapa pia. Kikata cha aina ya AC hutambua mkondo geu wa kawaida tu. Mvujo wa mkondo mnyoofu, kwa mfano kutoka vifaa vya sola au vya kuchajia magari, huweza kukizuia kufanya kazi. Aina A hutambua pia mkondo unaokatikakatika wa upande mmoja. Aina B hutambua mkondo mnyoofu na marudio ya juu kiasi. Kikata hakimsaidii aliyeshika waya wa moto na wa nyutro kwa wakati mmoja bila kugusa ardhi, na hakichukui nafasi ya waya wa athi. Kitufe chake cha majaribio kinafaa kubonyezwa mara kwa mara.

## Kumsaidia aliyenaswa

Aliyenaswa hawezi kujiondoa, na anayemshika kwa mikono mitupu hunaswa pamoja naye. Hatua ni hizi:
1. Kuzima swichi kuu au kuchomoa plagi.
2. Isipowezekana, na kama ni umeme wa nyumbani tu, kumtenganisha na waya kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama mti mkavu au kiti cha plastiki, huku mwokoaji akisimama mahali pakavu.
3. Kwa nyaya za barabarani za volti kubwa, kukaa mbali na kuita shirika la umeme. Mti mkavu hautoshi.
4. Umeme ukishakatika, kama hapumui au anatweta tu, kumkandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika bila kuacha, huku msaada ukiitwa.
5. Kumpeleka hospitali hata akionekana mzima, kwa kuwa majeraha ya ndani na matatizo ya moyo huenda yasionekane kwa nje.

## Tazama pia

* Mkondo geu
* Mkondo mnyoofu
* Hezi
* Moyo
* Transfoma
* Huduma ya kwanza